Gunia la Mahuang

Fus. Fus. Fus. Mpira ulibanwa na kuachiwa, ukabanwa tena, kisha hewa ikaanza kutoroka kwa mluzi mwembamba. Ogutu alikuwa amefumba macho, kama desturi ya duka la mitishamba ilivyotaka, ili moyo utulie. Aliuhisi mkono wake wa kushoto ukiminywa na kitambaa mpaka vidole vikafa ganzi, halafu ukalegezwa kidogo kidogo.

"Mia moja ishirini na nne," ilisema sauti ya Jyoti. "Mapigo sabini na sita."

Alipofumbua macho aliiona zebaki ikimalizia kushuka ndani ya kioo chake. Mzee Kamlesh alisimama nyuma ya binti yake, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, akiitazama saa ya ukutani kana kwamba ndiyo iliyokosea.

"Nusu saa imekwisha," alisema. "Na kabla ya kunywa?"

"Mia moja ishirini. Sabini na mbili."

"Basi gunia hii imekufa. Imelala baharini mpaka imekufa."

Haron, aliyekuwa akitwanga mizizi pembeni, aliangua kicheko. "Mzee, si gunia. Ni huyu Mjaluo. Moyo wake ni wa mamba. Haushtuki hata askari akimdai kipande."

"Twanga, Haron," Ogutu akamjibu. "Ungepimwa wewe, zebaki ingetoroka mpaka River Road."

Hata Jyoti alicheka. Mzee Kamlesh hakucheka. Alichota konzi ya mahuang ndani ya gunia akainusa. Vilikuwa vijiti vyembamba vya rangi ya kijani iliyochakaa, mfano wa mabua ya nyasi, vilivyotoka China kupitia Hong Kong na Bombay. Watu wa pumu walivichemsha, wakanywa maji yake, vifua vikafunguka. Mji mzima wa Nairobi, mwaka ule wa 1957, ni duka lake peke yake lililokuwa navyo.

Ujanani mzee huyu alitumikia duka la Mchina mmoja kule Hong Kong kwa miaka kumi na moja, na sheria aliyorudi nayo ilikuwa moja: gunia haliuzwi kabla mtu wa dukani hajalinywa. Pua hudanganywa na jicho hudanganywa, kwa kuwa wauzaji huchanganya majani ya bure na dawa iliyozeeka. Moyo wa mtu mwenye afya ndio usiodanganywa. Yule Mchina alikuwa akiweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa mnywaji na kusikiliza. Jyoti, aliyesomea uuguzi Bombay, akaongeza mashine ya presha. Mahuang nzuri humpandisha mnywaji hadi mia na hamsini, mapigo yakafika mia. Ikishindwa kufika hapo, ni dhaifu. Ikipita, ni kali, na kipimo hupunguzwa.

Mnywaji alikuwa Ogutu. Kazi hiyo aliifanya mwaka wa tatu sasa, na hakuna mtu aliyeionea fahari kazi yake kama yeye. Kule Kangemi alikopanga chumba, majirani walimwita Daktari, naye hakuwahi kuwakanya.

"Mzigo mwingine ni miezi mitatu," mzee alisema. "Na baridi hii ya Julai watu wanakohoa mpaka mlangoni kwangu. Tutatoa mara mbili. Mahali pa konzi moja, konzi mbili."

"Baba, Mchina wako alisema gunia bovu linatupwa," Jyoti alimkumbusha.

"Mchina wangu hakukaa Nairobi mwezi wa saba." Akamgeukia Ogutu. "Wewe hukugusa mahuang? Tangu ile siku ya kupima gunia ya zamani?"

Hiyo nayo ilikuwa sheria. Mnywaji haonji mahuang kati ya gunia na gunia, ili moyo wake usiizoee.

"Sijagusa, Mzee," Ogutu alisema.

Alikuwa ameigusa asubuhi ile ile.

Ilianza Aprili, wakati wa mvua. Kutoka Kangemi hadi mjini ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, na duka lilifunguliwa saa moja. Siku moja, akiwa hoi, alitafuna vijiti vitatu vilivyosalia mfukoni. Alipofika Westlands alikuwa akitembea kama mtu aliyevishwa miguu mipya. Kesho yake akatafuna vinne. Kufikia Juni alitafuna konzi nzima, wala moyo haukushtuka tena. Hapo alijua. Mtu aliyeona namba mia na hamsini mara nyingi kama yeye hangekosa kujua. Lakini kusema kwamba mwili wake haukufaa tena kupima kulikuwa sawa na kusema yeye si kitu. Angerudishwa kwenye kinu, akae na Haron. Alijiambia huenda gunia kweli limekufa. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara alilazimika kujiambia upya.

Jumanne jioni alimpelekea dada yake pakiti. Peres alikuwa yaya katika nyumba ya Mzungu mmoja huko Kileleshwa, akiishi kwenye chumba cha uani pamoja na Philister, mpishi. Pumu alizaliwa nayo, na mahuang ya duka lile ndiyo iliyomwezesha kulala amejinyoosha kama watu wengine.

"Omera, ndugu yangu, mbona pakiti imenona hivi?" alimuuliza kaka yake akiipima kwa kiganja. "Mmekuwa wakarimu lini huko kwa Wahindi?"

"Gunia limechoka. Chemsha yote."

"Umeinywa wewe mwenyewe?"

"Nimeinywa."

"Basi imetosha," alisema Peres, akaenda kutafuta sufuria.

Ogutu alisimama mlangoni kitambo. Neno lilikuwa mdomoni, limekwisha kuumbika, limebaki kusemwa tu. Philister akamtania kwamba anasubiri ugali wa Mzungu; Ogutu akacheka, akaaga, akaondoka nalo.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, mtunza bustani wa ile nyumba aliwasili dukani kwa baiskeli, shati limemganda mgongoni. Peres ameanguka kwenye kamba ya nguo, alisema. Kichwa kinampasuka, na moyo wake unaonekana ukiruka juu ya nguo.

Jyoti hakuuliza la pili. Aliikamata mashine yake, akamsukumia Ogutu ndani ya gari, mtunza bustani akafunga baiskeli nyuma na kupanda, wakaenda mpaka Kileleshwa.

Peres alikuwa amelazwa kwenye mkeka, kitambaa chenye maji kipajini, Philister akimpepea na sinia. Jyoti alipiga magoti, akamfunga mkono, akabana mpira. Ogutu aliitazama zebaki. Ilipita mia na hamsini. Ilipita mia na themanini. Aliisubiri isimame, nayo ikazidi kupanda.

"Mia mbili ishirini," Jyoti alinong'ona. Alipima tena, ikawa ile ile. Alijaribu kuhesabu mapigo, midomo ikimchezacheza, akaacha. "Amekunywa nini huyu?"

"Dawa yenu," alisema Philister. "Tangu juzi, asubuhi na jioni. Ile ya Ogutu."

"Haiwezekani. Gunia iliyokufa haiwezi kufanya hivi." Jyoti alimtazama Ogutu. "Haiwezi, Ogutu. Mimi nilipima."

Kulikuwa na watu wengine watatu ndani ya chumba kile, na wote walimkazia macho, hata Peres, aliyefumbua jicho moja kwa shida. Angeweza bado kunyamaza. Pumu ingelaumiwa, au baridi, au Mchina aliyekwisha kufa.

"Ulipima moyo uliozoea," alisema. "Ninaitafuna kila siku tangu Aprili. Gunia halijafa, Bibi Jyoti. Ni kali. Ni mimi niliyekufa, sio gunia."

Philister aliacha kupepea. Jyoti aliinamisha kichwa juu ya mashine yake, na aliposema, hakusema kwa hasira, jambo ambalo Ogutu hakuweza kulisahau baadaye.

"Miaka mitatu nafunga hii kitambaa mkono wako," alisema. "Siku hata moja sikufunga mkono wa mgonjwa anayenunua. Hata mmoja. Pengine presha ya huyu dada ilikuwa juu zamani. Nani alijua?" Akajifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Tangu Jumatatu pakiti zimekwenda nyumba ngapi?"

"Nane, pamoja na hii."

"Unazijua?"

"Nilizipeleka mimi."

"Basi chukua baiskeli ya yule bwana wa bustani. Mimi nampeleka Peres hospitali. Wewe nenda nyumba saba."

"Siwezi kumwacha dada yangu hivi!"

"Hapa utafanya nini? Utapima?"

Peres alimshika Ogutu kidole cha mkono, kama alivyokuwa akimshika walipokuwa wadogo wakivuka mto.

"Nenda, omera," alisema. Ulimi ulikuwa umeanza kuwa mzito. "Na huko nyumbani... mwambie mama ilikuwa kifua. Kifua tu. Umesikia?"

Ogutu hakuitika. Alimsaidia Jyoti kumbeba mpaka garini, akamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Philister. Gari lilipokata kona alikuwa tayari juu ya baiskeli.

Alianzia Westlands, kwa Rajinder, mke wa fundi Singasinga, aliyemrudishia pakiti bila swali. Kutoka hapo alishuka Parklands nyumba mbili, akapita Pangani nyumba mbili, akaingia mjini kwa kinyozi mmoja aliyekuwa ameweka sufuria jikoni wakati ule ule, akaimwaga mwenyewe mtaroni. Kila mlango alisema maneno yale yale, kwa sababu hakujua mengine: "Mimi ndiye niliyepima. Nilikosea. Msinywe." Wengine walimshukuru. Mzee mmoja alimtemea mate. Askari alimsimamisha kwenye kizuizi, akakitazama kipande chake cha kitambulisho mbele na nyuma, akakitazama tena, na Ogutu, ambaye siku nyingine angemjibu kwa kiburi, alimsihi ampishe mpaka askari mwenyewe akamwonea haya.

Nyumba ya saba ilikuwa Kangemi, kwa mama aliyeitwa Naliaka, mfuaji nguo, jirani yake wa mlango wa pili. Alimkuta amekaa nje, amekumbatia sufuria mapajani.

"Toka hapa," alisema. "Hii ni dawa yangu."

"Mama Naliaka, itakuua."

"Jana usiku nimelala chali, Daktari. Chali! Mwaka mzima sijalala chali. Leo unakuja kuniambia ni sumu? Umempata mtu mwingine wa kumpa?"

"Moyo haukuenda mbio?"

Alisita. "Ulikimbia. Si ndiyo dawa inafanya kazi?"

Ogutu aliketi chini kwenye vumbi mbele yake. Jua lilikuwa limekwisha kuelemea upande wa Limuru. "Mama," alisema, "dada yangu naye alilala vizuri jana. Sasa yuko hospitali na hawezi kuinua ulimi. Mimi ndiye niliyempa. Na usiniite Daktari tena."

Naliaka aliishusha sufuria chini. Kisha akaisukuma sufuria kwa mguu mpaka ikapinduka, maji ya kahawia yakaingia ardhini, naye akaanza kulia kwa sauti ya chini, kwa sababu alijua usiku wake utakuwaje.

Hospitali ya Waafrika ilikuwa mbali, ng'ambo ya mji. Alipofika alimkuta Jyoti kwenye benchi la nje, mashine imefungwa kwenye sanduku lake, sanduku limewekwa miguuni. Pembeni yake alisimama Mzee Kamlesh bila miwani, na bila miwani alionekana mtu mwingine, mdogo zaidi.

"Nyumba saba?" Jyoti aliuliza.

"Saba. Wote wako hai."

Jyoti aliitikia kwa kichwa. Akamtazama baba yake.

"Saa nane," mzee alisema. "Mshipa wa kichwa umepasuka. Ogutu, mimi nilisema konzi mbili. Mimi nilisema."

"Wewe uliniuliza, Mzee. Mimi nilikudanganya."

Saa nane alikuwa Pangani. Alijaribu kukumbuka alikuwa mlango gani, mbele ya uso wa nani, wakati dada yake anaondoka, na hakuweza.

Walimruhusu kuingia. Peres alikuwa chini ya shuka jeupe, na Philister alikuwa amekaa sakafuni karibu na kitanda, kanga amejifunika kichwani. Ogutu aliliondoa shuka usoni. Kifua kilichopiga mluzi tangu utotoni, kilichowakosesha usingizi nyumba nzima, kilikuwa kimenyamaza. Aliinama, akausikiliza ukimya ule kwa sikio lake mwenyewe, kwa muda ambao hakuna aliyeuhesabu.

"Ogutu, alirudia lile neno garini," Philister alisema. "Kwamba ilikuwa kifua. Nami nitasema hivyo hivyo, usiogope. Wote tutasema hivyo."

Ogutu alitikisa kichwa. Aliutwaa mkono wa dada yake, akaushika pale kwenye kifundo, vidole vitatu.

"Nyaminwa, dada yangu," alisema, na sauti yake ikasikika mpaka kitanda cha mwisho, wagonjwa wakageuka. "Hilo uliloniomba siliwezi. Nitakupeleka nyumbani. Na mama akitoka kukupokea, kabla mtu hajaanza kulia, nitamwambia kwa kinywa changu, watu wote wakisikia: haikuwa kifua, mama. Ilikuwa mimi."