Paneli za Ukuta wa Nyuma

Jumanne saa mbili asubuhi fundi alianza kupima nyumba. Alianzia ukuta wa mbele, akazunguka kwa mkono wa kulia, na shemeji yake akamshikia ncha ya pili ya futi kamba. Kila kitu ambacho paneli zingelazimika kukizunguka alikiandika kwenye kipande cha boksi kwa penseli: madirisha manne, milango miwili, bomba moja, Mzee mmoja.

Mzee alikuwa ukuta wa nyuma, kati ya bomba na dirisha la jikoni. Mgongo, kisogo na mabega vilikuwa vimeshazama ukutani. Nje ulibaki uso, kifua, mikono kuanzia kwenye viwiko, na magoti. Mwanzoni alikuwa amekalia kigoda, lakini mwezi wa tatu kigoda kiliondolewa kwa sababu hakikuwa kinabeba kitu.

"Shikamoo, Mzee," fundi alisema.

"Marahaba, binti yangu. Mnapaka rangi?"

"Hapana, Mzee. Tunaweka paneli za plastiki. Nyumba nzima, nje."

"Zinakaa miaka mingapi?"

"Kiwandani wanasema hamsini."

"Basi zitanizika hizo."

Shemeji alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka haraka, na fundi alikuwa ameshamzoea tangu alipoolewa na kaka yake. "Wewe Mzee uzikwe na nani? Nyumba itaanguka ukiondoka."

Fundi alimpima Mzee kama alivyopima dirisha: upana begani, urefu kutoka sakafuni hadi utosini. Kwa kitu cha namna hiyo paneli hukatwa, kisha kingo huvishwa ukanda mwembamba ili zisionekane mbichi. Aliandika mita tatu na nusu za ukanda.

Mambo yalivyofika hapo hayakuwa siri. Nyumba aliijenga Mzee mwenyewe. Mkewe alipofariki, chumba chao kiliunganishwa na sebule, na Mzee akahamishiwa stoo. Stoo ilipojaa, mwanawe alimtolea kigoda nyuma ya nyumba, apate jua kidogo. Jioni ya kwanza mke wa mwanawe alidhani mumewe ndiye atakayemwingiza ndani, na mume alidhani mkewe ameshamwingiza. Jioni ya pili waliona amekaa vizuri. Hawakumnyima chakula. Saa nne walimpa chai, saa nane wali au ugali, na mvua ikinyesha walimfunika kwa turubai.

"Kosa ni langu," Mzee alisema wakati fundi akipiga msumari wa kwanza wa ukanda wa chini. "Ukuta huu nilibana saruji. Kuta nyingine tatu nilichanganya vizuri, hapa nikajiambia, huku nyuma nani atakaa? Lipu yenye saruji kidogo inakunywa. Ilianza na mvua, ikaja ikanywa shati langu."

"Ungeweka mchanga ndoo tatu kwa moja ya saruji," fundi alisema.

"Niliweka saba."

"Mh! Saba, Mzee?"

"Saba. Namwomba Mungu msamaha."

Fundi alisoma pimamaji, akagonga, akasoma tena. Safu ya kwanza ikipinda, safu zote juu yake hupinda, na hakuna dawa isipokuwa kubomoa. Walipokuwa wakiinua paneli ya pili, Mzee alisema tena, kwa sauti ya chini.

"Binti yangu, nina ombi. Niombee kwa mwanangu. Kabla hujafunga ukuta, nitoe unigeuze. Niingizwe ndani. Patasi na nyundo vinatosha, tofali ni laini."

"Nitamwambia, Mzee."

"Mwambie leo. Ukishafunga umefunga."

Mchana mwenye nyumba alimwita fundi sebuleni kuchagua rangi ya kingo za madirisha. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Fundi alimfikishia ombi la baba yake kama lilivyo. Mwenye nyumba hakukasirika. Alisogeza kabati la vyombo kwa nguvu kidogo, akamwonyesha ukuta nyuma yake.

Mgongo wa Mzee ulikuwa hapo. Ulikuwa umetokeza ndani kama kiganja kimoja, na mabega, na kisogo chenye mvi. Juu yake kulitandikwa kitambaa cha kufumwa kwa mkono.

"Unaona?" alisema mwenye nyumba. "Nusu yake iko ndani. Sasa analalamikia nini?"

"Anataka uso ndio uwe ndani, bosi."

"Uso ukiingia, kabati tuliweke wapi?"

Fundi aliangalia sebule. Kwa kweli hapakuwa na nafasi nyingine. Mke wa mwenye nyumba alipita na kitambaa, akafuta jasho la mgongo kama afanyavyo kila siku, akarudisha kabati kwa nyonga. "Baba ana jasho sana wakati wa joto," alisema. "Fundi, unakunywa chai yenye sukari?"

Jioni ile fundi alisali kabla ya kulala. Alimwomba Mungu auguse moyo wa mwenye nyumba. Alikuwa mtu wa sala, hakuwahi kupanda ngazi bila kusema neno moja na Mungu, na mara nyingi alipata jibu. Safari hii aliomba hadi akasinzia, na alipoamka kitu pekee alichokumbuka ni kwamba misumari ilikuwa inakaribia kuisha.

Jumatano walimaliza kuta tatu. Mwenye nyumba alizipapasa, akatingisha paneli moja kwa kidole.

"Inacheza hii. Hamkukaza."

"Hatukazi," fundi alimweleza. "Jua likipiga plastiki inatanuka, baridi ikija inajikunja. Msumari unaachiwa nafasi ya sarafu. Ukikaza inavimba na kupasuka."

"Sawa. Na nyuma mtamaliza lini? Jumamosi wakwe wanakuja. Wanakuja kumposa binti yetu, na watazungushwa nyumba yote."

"Kesho. Kazi iliyobaki ni kukata pale kwa Mzee."

Mwenye nyumba alikwenda nyuma, akasimama mbele ya baba yake. Mke wake akaja akasimama naye. Waliangalia zile safu mbili za chini zilizokatwa kumzunguka magotini, na ukanda mweupe pembeni.

"Inaonekana kama kiraka," mke alisema.

"Kweli."

"Nguo mpya halafu kiraka."

Mwenye nyumba alisugua shingo. "Fundi, pitisha moja kwa moja."

"Na uso?"

"Pitisha tu. Weka mbao nyuma ya paneli, uutokeze ukuta mzima kidogo, ulingane naye."

Mzee alikuwa anasikia yote. Alimwangalia mwanawe kwa muda, akasema, "Umepungua, mwanangu. Unakula?"

"Nakula, baba."

Shemeji, ambaye hakuwa amenyamaza siku nzima, alianza kukusanya nyundo.

Alhamisi walipiga mbao za kutokeza ukuta, hadi zikalingana na magoti ya Mzee. Fundi alimwendea mwenye nyumba mara ya pili, akamkuta kwenye simu, akasubiri, akamwambia kwamba kumgeuza Mzee ni kazi ya nusu siku na yeye angeifanya bure. Mwenye nyumba alimshukuru sana. Alisema baada ya wakwe kuondoka wataliangalia hilo. Fundi alijua ukuta uliofungwa hauangaliwi, kwa kuwa ndiyo sababu watu humwita aufunge. Alirudi kazini.

Paneli hizo zina vitundu vidogo ukingo wa chini, vya kutolea unyevu. Fundi alipima kutoka sakafuni hadi mdomoni kwa Mzee. Safu mbili zilizokatwa walikuwa wameshazing'oa; akaweka nzima mahali pake, vidole vitatu juu zaidi, ili vitundu vya safu ya tano viangukie pale pale. Pembeni safu za nyuma hazikukutana tena sawasawa na za kuta nyingine. Hilo ni kosa la kiufundi, na hakuna aliyeliona isipokuwa shemeji.

"Shem, huku imeruka."

"Najua. Shika."

Ilipofika saa nne wakawa wameshafika kifuani.

"Ngoja ninywe chai," alisema Mzee.

Wakangoja. Mke wa mwenye nyumba alileta kikombe, akamnywesha, akamfuta mdomo kwa ncha ya kanga yake. Kisha Mzee akarudisha mikono yake ndani, mmoja mmoja, kama mtu anayejifunika shuka. Fundi alishika upande wa kulia wa paneli, shemeji upande wa kushoto.

"Anzia kati," Mzee alisema. "Ukianzia pembeni italegea."

Fundi alianzia kati. Ilibana, ikatoa mlio, ikaingia kwenye safu ya chini yake. Walipopiga misumari waliiachia nafasi, na paneli ikawa inapanda na kushuka taratibu, ingawa siku hiyo hapakuwa na jua.

Jumamosi fundi na shemeji walirudi kuchukua ngazi. Wakwe walikuwa wameshafika. Walikuwa wamezungushwa nyumba, baba wa kijana akaugusa ukuta wa nyuma akasema una joto zuri, na sasa wote walikuwa sebuleni, chakula kimepakuliwa. Binti alikuwa amependeza. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Fundi alipoinama kufungua kamba ya ngazi, sauti ilitoka ukutani.

"Hodi."

"Karibu!" waliitikia ndani kwa pamoja, mwenye nyumba, mkewe, binti na wakwe, bila kuacha kula.

Kila mtu alimwachia mwenzake asimame.

"Hodi hapa," Mzee alisema tena.

"Karibu!"

Hata fundi, aliyekuwa nje na asiye na mlango wa kumfungulia mtu, aliitikia. Kisha akashika ngazi upande mmoja, shemeji akashika mwingine, wakaondoka nayo.