Mbuzi wa Mama Mapendo

Natacha alikuwa mutoto wa wafugaji wa milima ya Masisi, na kwao hata msichana mdogo hutambua ng'ombe wa baba yake kwa kwato tu. Labda ndiyo maana takwimu zilimwingia kirahisi alipofika universite ya Goma. Hakuziona kama namba. Aliziona kama makundi yanayorudi zizini.

Na Symphorien walijuana hukohuko darasani. Yeye alitoka Kibua, teritware, yaani wilaya, ya Walikale, kwa wakulima wa msituni. Walipomaliza masomo wakaajiriwa na projet moja, mradi wa mifugo wenye ofisi pale Sake, na watu wakazoea kuwaona pamoja. Mama yake Symphorien, Mama Mapendo, alipanda milima hadi kwa wazazi wa Natacha kuleta posa, akakaa sebuleni kwao na viatu vyenye matope, akasema amekuja kutafuta mutoto mwanamke kwa sababu yeye Mungu alimupa wanaume tu. Tangu siku hiyo hakumwita Natacha kwa jina. Alimwita mutoto yangu.

Kazi kubwa ya Natacha ilikuwa programu aliyoiandika kwa lugha ya R, ile wanayotumia watu wa takwimu. Maajenti walipeleka habari za mbuzi na ng'ombe kutoka kila mahali, zikafika zimevurugika kama nguo za mnada. Natacha akazipanga orodha ndani ya orodha. Teritware ilibeba vijiji vyake, kila kijiji kikabeba nyumba zake, kila nyumba ikabeba wanyama wake, wazima na wagonjwa. Alipotaka kitu alikiita kwa jina: Walikale, kisha Kibua, kisha nyumba fulani, na masini, yaani kompyuta, ikashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwa mbuzi mwenyewe. Hakuna aliyeweza kupotea humo.

Natacha alipokuwa kwao kumzika shangazi, Symphorien aliichukua ile programu, akafuta jina la Natacha juu, akaenda kuionyesha kwa shefu, mkuu wao wa kazi. Natacha aliporudi, Symphorien alikuwa amepewa ofisi yenye mlango wake mwenyewe, na shefu, Papa Bisengimana, alimpongeza Natacha kwa kumsaidia mwenzake "kupiga-piga masini." Natacha alipomuuliza Symphorien, yule kijana alitazama dirishani akasema mambo ya kazi yasiletwe kwenye mapenzi. Kabla mvua hazijakatika, mapenzi nayo yakaisha. Aliposikia kwamba Symphorien anatembea na Bibiche, mutoto wa muchuuzi mmoja tajiri wa Rubaya, upande wa Masisi, Natacha hakulia. Alinawa uso, akarudi mezani, akaendelea kufanya kazi. Lakini ndani yake kitu kilikaa chini kama mgeni asiyetaka kuondoka.

Nafasi ilikuja yenyewe. Siku moja Symphorien alimwomba aongeze habari za kijiji kipya cha upande wa Biruwe. Natacha alifungua ile programu, ambayo hakuwa ameigusa tangu iibiwe, akaisoma polepole. Symphorien alikuwa ameibadilisha ili isifanane na mkono wa aliyeiandika. Mahali Natacha alipoita vijiji kwa jina, yeye aliviita kwa kiti: nipe kilichokaa mahali fulani katika orodha, kisha kiandike Kibua, nipe kinachofuata, kiandike Rubaya. Ilifanya kazi, maadamu hakuna aliyehama kiti.

Natacha aliegemea kiti akaangalia ule mstari muda mrefu. Akiweka kijiji kipya chini kabisa mwa orodha, hakuna litakaloharibika. Akikiweka juu, wote watasogea kiti kimoja: mbuzi wa Kibua wataandikwa kwa jina la Rubaya, na Kibua itapewa habari za majirani wenye mbuzi wazima. Symphorien akiulizwa mbele ya wafadhili kwa nini Rubaya, kilima cha wachimba madini ya koltani, kimejaa mbuzi wagonjwa hivi, atasema nini?

Akakiweka juu.

Kwenye reunion, mkutano na wafadhili, Natacha alikaa nyuma, karibu na Céline wa kasi, mshika pesa wao, akingojea. Symphorien alisimama na shati lake jeupe, akaonyesha ramani, akasema pesti ya mbuzi, ndiyo sotoka, imepiga Rubaya na Kibua iko salama. Natacha alitazama uso wa shefu, halafu nyuso za wageni. Walikuwa wanaandika. Papa Bisengimana akasema chanjo yote iende Rubaya, akasaini, watu wakapiga makofi.

Angeweza kunyanyua mkono. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Kisha akamwona Symphorien akicheka huku wageni wakimpa mkono, akalimeza. Akajiambia kwamba timu ya chanjo ikikosa mbuzi wagonjwa kule Rubaya, aibu itakuwa kubwa zaidi, na hiyo ndiyo aliyoitaka. Usiku huo alilala vizuri, jambo ambalo baadaye halikumtoka kichwani.

Kilichokuja si aibu ya Symphorien. Ilikuja simu ya Mama Mapendo.

Alikuwa amepanda kilima kutafuta reseau ya simu, akawa anahema. Alisema mbuzi wanatoka machozi na makamasi, wanaharisha, halafu wanakufa. Wake na wa kanisa, na wa mujane Hélène aliyekuwa na mmoja tu. Walisikia chanjo ilipita Masisi lakini haikushuka kwao. Symphorien haitiki simu.

"Mutoto yangu," alisema, "weye njo unajua bile bintu bya kwenye masini. Tulikosea nini, batusahau?"

Natacha alimwambia hawakukosea kitu. Simu ilipokatika alikaa na kiganja mdomoni. Ile Kibua aliyoisogeza kwa kidole kimoja ilikuwa na watu ndani.

Alimkuta Symphorien ofisini kwake, akamweleza yote wima, bila kuzunguka. Symphorien aligeuka rangi. Kwanza alimtukana, halafu akafunga mlango akashusha sauti. Alimwomba atengeneze kimyakimya. Watasema masini njo ilikosea, chanjo iliyobaki itapelekwa Kibua, na hakuna atakayejua. Aliongeza kwamba hata yeye Natacha atafukuzwa, afikirie wazazi wake.

"Mama yako iko anazika mbuzi," Natacha alisema, "na weye unafikiri kiti yako ya ofisi."

"Weye njo uliwaua."

"Njo mimi. Na nitasema. Lakini nitasema yote."

Akaenda kwa Papa Bisengimana, akamwomba awaite wote wawili. Mbele yake alifungua ile programu na kumtaka Symphorien aonyeshe jinsi ya kumtoa mbuzi mmoja wa nyumba moja ya Kibua. Symphorien alijaribu. Masini ilimpa boksi lenye boksi ndani, si mbuzi. Akajaribu tena, ikamkataa kwa maandishi mekundu. Jasho likamlowesha kola. Natacha alivuta kompyuta, akaandika majina tena kama alivyoyaandika zamani, na Kibua ikarudi mahali pake, na wagonjwa wake wote. Shefu alitazama kioo cha kompyuta, akamtazama Symphorien, hakuhitaji kuuliza programu ilikuwa ya nani.

Hapo Natacha alionja kile alichokitaka tangu mvua zile, na kilikuwa kitamu. Asingekana. Alikiacha kikae kidogo mdomoni, kisha akasema lililobaki: kwamba kile kijiji kipya alikiweka juu yeye mwenyewe, akijua, na kwenye reunion alinyamaza akijua.

Wote wawili walifukuzwa. Symphorien aliondoka siku ileile bila kuaga mutu. Natacha aliombwa kwanza asindikize chanjo Kibua, kwa kuwa ndiye aliyejua nyumba, akakubali. Yeye na veterineri, daktari wa mifugo, walipita Masisi na Nyabiondo kwa pikipiki mbili, sanduku la barafu lenye chanjo limefungwa kwa mipira nyuma ya dereva mmoja.

Mama Mapendo alimpokea kwa mikono miwili. Zizi lake lilikuwa karibu tupu. Natacha hakuketi. Alimweleza akiwa amesimama, kwa maneno machache, jinsi alivyotaka kumwangusha Symphorien na njia aliyoipitia.

Mama aligeuka, akatazama zizi lake.

"Ulitupa jiwe kwa mutoto yangu," alisema, "likanipiga miye."

"Naomba unisamehe juu ya mbuzi, Mama."

"Na juu ya Symphorien?"

Natacha alitazama chini. Angeweza kudanganya, na mama yule alistahili kufarijiwa.

"Juu ya yeye, hapana. Bado."

Mama Mapendo hakumwita mutoto yangu. Aliingia zizini, akamkamata mbuzi mwekundu kwa pembe, akamwambia ashike miguu ya nyuma, maana veterineri alikuwa amekwisha kuvuta dawa kwenye sindano. Natacha alipiga magoti kwenye samadi, akashika.