Dawa Aliyoiuza Stefano

Stefano alikuwa bwana shamba wa Kinole, kijiji cha milimani, kwa miaka kumi na mmoja, mpaka serikali ilipopunguza wafanyakazi naye akapewa barua yake. Ghala la ushirika lilikwisha fungwa, na dawa za mimea sasa aliuza yeyote mwenye kibanda. Akafungua duka mjini Morogoro, na wenye michungwa wakamfuata huko, maana walimwamini.

Mwaka ule masika hayakutaka kukatika. Ukungu ukaishika michungwa. Majani yakapata madoa, machungwa machanga yakatoka vidonda vyeusi na kupukutika. Magdalena, mjane wa Kinole, alishuka dukani kwa Stefano kununua mrututu, ule unga wa buluu wa kuua ukungu. Akapiga dawa mara tatu, kama alivyoelekezwa.

Mwezi wa saba alirudi na kikapu cha machungwa yenye vidonda. Hakulalamika, aliuliza tu kama amekosea vipimo. Stefano akamwambia huenda mvua iliiosha dawa. Lakini mama yule alipoondoka, moyo haukumtulia. Akakoroga unga kidogo kwenye maji, akachovya msumari. Mrututu wa kweli huupaka msumari rangi ya shaba. Msumari huu ulitoka kama ulivyoingia, na chini ya glasi ikatuama chokaa.

Jumapili akapanda Kinole, akamkuta Magdalena shambani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Vipimo hukukosea. Nilikuuzia chokaa iliyotiwa bluu ya kufulia. Mimi mwenyewe niliuziwa hivyo."

Magdalena alimgeukia. "Na hukuipima?"

"Sikuipima. Bei yake ilikuwa rahisi, nikafurahi."

"Ulitufundisha kupima, Stefano. Mimi sikupima kwa sababu ilitoka mkononi mwako."

Stefano aliomba panga. Wakashinda wakipunguza matawi yaliyosongamana ili upepo upite, wakaokota machungwa yote yaliyoanguka na kuyafukia shimoni. Miti minne ilikuwa imekwisha kabisa, wakaikata. Iliyobaki, Stefano alisema, ingepona kwa dawa ya kweli, na angeileta yeye. Magdalena akaitikia kwa kichwa tu.

Jioni Stefano akaenda kwa Pazi, jirani wa bondeni, naye alikuwa amenunua dawa ileile. Hapo palikuwa na michungwa arobaini. Alikuta visiki, na Pazi akichimba mashimo ya migomba.

"Nilipiga dawa yako mpaka ikaisha," Pazi alisema bila kuinua uso. "Nikaona kama mrututu umeshindwa, basi ugonjwa huu hauna tiba. Nikakata yote."

Stefano alisimama kati ya visiki, vingine bado vikitoa utomvu. Angeweza kuaga na kuondoka, na Pazi asingejua kamwe kuwa dawa ile ilikuwa bandia. Akaketi juu ya kisiki, akamwomba aweke jembe chini kwanza.