Jina la Mwizi wa Vifaranga

Ukipita Pongwe ukaona vifaranga wa rangi ya zambarau wakipekua uani kwa watu, usidhani macho yamekuharibikia. Ni wa Bibi Leticia. Huwachovya kwenye rangi ya ukili, ile ile anayotumia jirani yake Mwatima kusukia mikeka, ili mwewe akipita juu asitambue kuwa ni chakula. Ujanja huo aliuanzisha mumewe, marehemu Mzee Ayubu, aliyekuwa mkata mkonge, na kusema kweli haukuwahi kusaidia sana. Kilichosaidia ni mdomo wa Bibi Leticia. Akiona kivuli tu, anapiga ukelele, "Ayubuuu!" na mzee anatoka mbio na kandambili mkononi, anaivurumisha juu. Mzee hakuwahi kumpiga ndege hata mmoja. Alilolipata kila mara ni paa la Mwatima.

Mzee Ayubu alifariki masika yaliyopita. Mjukuu wa kiume alipozaliwa, Bibi Leticia alijiambia moyoni, haya, jina limerudi nyumbani. Hakumwambia mtu. Aliona ni jambo lililo wazi, sasa aseme nini?

Kumbe mkwewe ana yake. Fanueli ni mwalimu wa baiolojia, kijana mpole asiye na neno baya, ila anapenda mno kueleza. Alifika na mkewe Devota na mtoto siku chache kabla ya ubatizo, akaamkia, "Shikamoo, Mama," na marahaba haijapoa akatangaza kuwa mtoto ataitwa Akwila.

"Limo kwenye Biblia," alisema. "Yule fundi wa mahema, mume wa Priskila. Halafu kwa Kilatini maana yake ni tai. Kuna kundi la nyota linaitwa hivyo hivyo, na wale tai wakubwa wenyewe, wataalamu wanawaita Akwila."

Bibi Leticia aliweka chini ungo wa mchele. "Tai?"

"Tai, Mama. Mfalme wa anga."

"Yaani mimi nihangaike kuchovya vifaranga, halafu nimbebe mwizi wao mpaka mbele ya mchungaji niseme huyu ni wetu? Simbebi. Tafuteni mwingine."

Devota alicheka akidhani mama yake anatania. Hakuwa anatania. Alinuna kweli kweli. Chai aliwapa, lakini sukari wajitilie wenyewe.

Jumamosi mchana kivuli kikapita uani. Bibi Leticia aliinuka, akavuta pumzi, jina likamfika kooni. Hapo akakumbuka. Akabaki amesimama mdomo wazi, na ndege akashuka bila wasiwasi wowote, akanyakua kifaranga mmoja wa zambarau, akaondoka naye kuelekea kwenye mashamba ya mkonge.

Fanueli alitoka na mtoto begani, akakodoa macho juu. "Lakini huyo ni mwewe, Mama. Umeuona mkia? Una panda. Akwila mkia wake hauna panda, tena yule..."

"Najua ni mwewe!" alisema Bibi Leticia. "Nimepigana na mwewe tangu hujazaliwa. Unadhani ni kuku ninaowalilia?"

Alikuwa analia. Akayatoa yote: kwamba alitaka kuliita tena jina lile hapo uani, hata kama ni kwa kumgombeza mtu aliyekojoa kitandani, kwamba nyumba imekuwa kimya na kimya hicho kinamuuma. Fanueli akaiacha habari ya mkia, akamvutia kigoda akae.

Kulipokucha Bibi Leticia aliona aibu. Mtoto ana wazazi wake, na jina wamelipenda wenyewe. Akavaa kitenge chake kizuri, akamchukua mtoto, akambeba mpaka mbele ya kanisa.

"Mtoto anaitwa nani?" mchungaji aliuliza.

"Akwila," alisema Bibi Leticia, kwa sauti ya kusikika mpaka mabenchi ya nyuma.

"Ayubu," alisema Fanueli, wakati ule ule.

Kanisa zima likaangua kicheko. Mchungaji aliwatazama, maji yakimchuruzika vidoleni.

"Yote mawili, Mchungaji," alisema Devota. "Ayubu Akwila. Mbatize haraka kabla hawajaanza kubishana upya."

Wakala pilau mpaka alasiri. Bibi Leticia alikuwa anasuuza sufuria uani kivuli kilipopita tena. Safari hii hakufikiri hata kidogo.

"Ayubuuu!"

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Fanueli akatoka mbio, mtoto mkono mmoja, kandambili mkono wa pili, akaivurumisha kwa nguvu zake zote. Mwewe akapinda, akaenda zake. Kandambili ikatua juu ya paa la Mwatima.

"Tumekuja, Mama," alisema Fanueli, akihema.

Ng'ambo ya ukuta Mwatima aliacha kusuka. "Leticia we! Kwani karudi?"

Bibi Leticia alimpokea mtoto, akamfuta mate kwa pembe ya kitenge.

"Karudi," akajibu.