Mwombaji Anasema Hana Tatizo

Barua ya kumkatalia mdogo wangu ilikuwa na mistari sita, na nilipoisoma nilifurahi. Nalisema mapema lisije likanishinda baadaye. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za jikoni kwa dada yetu, miwani ya kuazima puani, na nilipofika pale palipoandikwa "Mwombaji anasema hana tatizo. Maombi yamekataliwa," kuna kitu kifuani kililegea, kama mtu anavyolegeza mkanda baada ya kushiba. Nikajisemea moyoni, angalau mara moja tu na yeye amenyimwa.

Dada yetu ndiye kitinda mimba, na anafua mashuka ya hospitali. Alinitafuta mpaka kwa tajiri wa mwisho niliyemlindia ghala, akaniambia njoo. Sikuuliza kuna nini. Nyumbani kwetu mtu akitafutwa, anatafutwa kwa ajili ya Dogo.

"Mwezi ujao nahamia kwa mwanangu," alisema siku ile aliponipa barua, huku akijisugua magoti. "Kazi ile siiwezi tena. Na kule wana nafasi ya mtu mmoja tu. Dogo akipata posho ya ustawi atabaki chumbani kwake, na mama jirani amekubali kumwangalia. Asipopata, basi tena, sijui nimpeleke wapi. Rufaa inasikilizwa Jumatano, na mimi ruhusa nimenyimwa. Utakwenda naye wewe, Kaka Miguu."

"Mimi na maofisi wapi na wapi?"

"Wanataka shahidi anayelala naye chumba kimoja. Wewe unalala naye wiki ya tatu sasa. Wiki tatu mahali pamoja, kwako hiyo si historia?"

Miguu ni jina walilonipa wao. Nimechimba visima, nimepiga plasta, nimepika kwenye kambi za wajenga barabara, na popote nilipokaa sikukaa. Shule niliisoma vipande vipande, mwaka hapa, muhula kule. Dogo ana miaka hamsini na minane na bado anaitwa Dogo. Alikuwa fundi saa, tena fundi kweli, mpaka alipofika ishirini na sita na ugonjwa wa akili ukamshika. Hana fujo. Ana vipindi. Kipindi kikimjia anashika jambo moja, analirudia mchana na usiku bila kulala, mpaka mwili ukatae. Kisha anaanguka kitandani wiki mbili au tatu. Haongei, na asipolishwa hali.

Sasa mtu kama huyo anakataliwaje? Kwa adabu tu. Mama alitulea kwamba ukiulizwa hali, wewe ni mzima, hata kama wanaokuuliza ndio waliokubeba kwenye machela. Ofisa alimwuliza Dogo habari za afya, akasema nzuri, tunamshukuru Mungu. Unalala? Nalala vizuri, ahsante. Unakula? Nakula sana, na ninyi je, mnapata muda wa kula hapa? Wakaagana kwa furaha. Siku chache baadaye barua ikaja.

Nitamwelezea mama kidogo, halafu nimwache apumzike. Mwaka ule Dogo alipougua, mimi nilikuwa na miaka thelathini na mbili, narudi kutoka kwenye visima baada ya miaka miwili. Nilikuwa nimemnunulia mama shali ya sufu, nzito, rangi ya zambarau, na njia nzima nilikuwa naifikiria sura yake akiipokea. Alinifungulia mlango na kidole mdomoni. "Polepole," alisema. "Amelala." Akaichukua shali mikononi mwangu, akaingia chumbani, akamfunika nayo Dogo. Hakuniuliza nimetoka wapi. Siku ya tatu nikaondoka. Baadaye dada aliniambia ilipita karibu wiki kabla mama hajauliza nipo wapi.

Basi nilipofika safari hii nikamkuta Dogo yuko chini kabisa, amegeukia ukuta, na dada akanipa sahani na kijiko. "Polepole," akasema. Nilimlisha. Kila kijiko nilikihesabu. Alipoinuka wiki ya pili nyumba nzima ilifanya sherehe ya kimyakimya, mama jirani akaja kuchungulia, dada akaimba akiosha vyombo. Mimi nimeamka kila siku kwa miaka sitini na minne, sijawahi kuimbiwa.

Jumatano asubuhi dada alimpigia Dogo pasi shati jeupe kabla ya kwenda kazini. Langu hakuligusa, nami sikumwomba. Koti langu limepoteza vifungo viwili na kiatu cha kulia kimefungua mdomo. Viatu vya Dogo vilikuwa vinang'aa ungeweza kujiangalia ukinyoa ndevu. Chumba kizima kilinuka rangi ya viatu tangu Jumapili.

Ofisi ilikuwa na benchi refu, feni isiyozunguka, na dirisha la kuangalia ukuta wa jengo jingine. Dogo alikaa magoti pamoja, mikono mfukoni. Mimi kukaa nilishindwa. Nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi, nikasoma matangazo yote ukutani, nikayarudia. Mama mmoja wa kwenye benchi akamnong'oneza mwenzake, "Huyu babu leo atatoboa sakafu."

Tulipoitwa, ofisa alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mwenye sauti ya chini. Alitutazama wote wawili mara moja tu. Akanivutia mimi kiti cha mbele ya meza, na Dogo akamwonyesha kile cha pembeni. "Wewe ndiye uliyemleta?" alimwuliza.

"Tumekuja pamoja," Dogo akasema kwa heshima.

Binti akafungua faili, akanigeukia. "Karibu, mzee. Usiogope, hapa tunazungumza tu. Niambie, unalala vizuri?"

Nilijua hapohapo kwamba amekosea mtu. Nikamwangalia Dogo nikitegemea atasema. Dogo akatulia tuli. Na yule binti alikuwa ananisubiri, kalamu imesimama, macho yake kwangu, kama kwamba jibu langu lilikuwa na umuhimu.

"Hapana," nikasema.

"Unalala saa ngapi?"

"Mbili, tatu. Nikikaa mahali pamoja zaidi ya mwezi, kuta zinanisogelea. Najua hazisogei, nimepiga plasta kuta nyingi. Lakini zinasogea."

"Tangu lini?"

"Tangu ujana. Ndiyo maana siku zote naondoka."

"Unapokuwa hivyo, nani anakuangalia?"

"Hakuna."

"Kuna mtu umewahi kumweleza?"

"Hajatokea wa kuniuliza, mwanangu."

Akaandika. Aliuliza tena, nami nikajibu tena, na sikusema uongo hata kidogo. Nilimweleza kambi nilizozihama alfajiri mshahara wangu ukiwa haujalipwa, na mwanamke niliyemwacha na sufuria mekoni, si kwa ubaya, ila ukuta wa nyuma ulikuwa umekaribia. Mwandiko wake ulishuka mpaka chini ya ukurasa. Kinywa kilikuwa chepesi kama cha mlevi. Dogo pembeni hakukohoa hata mara moja.

"Ahsante, mzee," binti akasema. "Kwa haya uliyonieleza sioni kwa nini walikukataa. Weka sahihi hapa."

Akaisukuma karatasi. Juu yake, kwa herufi kubwa, kulikuwa na jina la Dogo.

Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Ningesaini, Dogo angepata posho, dada angehama kwa amani, na nani angejua? Ningeweza kudai hapa kwamba uaminifu ulinizuia. Si kweli. Nilichoona ni shali ile. Jambo la kwanza maishani nililoulizwa, likaandikwa, nalo linakwenda kumfunika yeye.

"Hilo jina si langu," nikasema. "Ni la huyu. Mimi ni kaka yake. Ni shahidi."

Binti aliweka mikono yote miwili juu ya meza. "Mzee, na muda wote huu ulikuwa unanieleza nini?"

"Uliniuliza."

Akatazama saa ukutani, kisha akamgeukia Dogo, amechoka. "Haya, baba. Hali yako?"

"Nzuri tu, tunamshukuru Mungu. Poleni na kazi."

"Unalala?"

"Nalala vizuri, ahsante."

Binti akaniangalia. Alianza kufunga faili. "Mzee, sikufichi. Huyu ana hali nzuri kuliko mimi. Angalia alivyojiweka. Angalia viatu."

Nikaviangalia viatu. Na hapo nilikuwa na njia mbili, na ile ya kunyamaza ilikuwa rahisi kuliko zote nilizowahi kupita. Barua ya mistari sita ingekuja tena, nami Ijumaa ningekuwa njiani. Ila sasa ningekuwa nimekula saa yake yote kwa habari zangu, na yeye ameniachia nile.

"Mwambie atoe mikono mfukoni," nikasema.

"Kaka," Dogo akasema taratibu. "Usifanye hivyo mbele ya mgeni."

"Itoe, Dogo."

Aliitoa kama mtoto anayekaguliwa kucha. Ilikuwa myeusi mpaka kwenye vifundo, na vidole vitatu vya kulia alikuwa amevifunga kitambaa, kwa sababu ngozi ya nchani ilikuwa imekwisha. Damu ilikuwa imepenya na kuchanganyika na rangi.

"Hivyo viatu unavyovisifu alianza kuvisugua Jumapili baada ya chakula cha mchana," nikasema. "Leo ni Jumatano. Ni jozi hiyohiyo moja. Tangu Jumapili hajalala, najua kwa sababu na mimi silali. Anasugua cha kushoto mara arobaini, anakipumulia, anahamia cha kulia. Ukimwondolea brashi anatumia kidole. Kesho au keshokutwa ataanguka, atageukia ukuta, na hapo uje umwulize kama analala vizuri."

Nikaendelea. Nilieleza wiki zile mbili za kitandani siku kwa siku, alimeza nini na alikataa nini, siku aliyolia bila sauti, na siku ile aliponiita mama. Nilishangaa ninavyoyajua yote. Wivu una macho, hausinzii. Mtu anayempenda Dogo angesahau nusu ya hayo kwa huruma. Mimi sikuwa nimesahau kijiko kimoja.

Binti akamwuliza Dogo, "Ni kweli, baba?"

Dogo akatazama sakafu. "Ni kweli," akasema. "Samahani kwa usumbufu."

Alichukua karatasi mpya akaandika upya, safari hii akimtazama yeye. Ile ya kwanza, yangu, aliikunja mara mbili na kuitupa kwenye kapu lililokuwa chini ya meza. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anasafisha meza. Mimi macho yaliganda kwenye kapu.

"Nimekubali," alimwambia Dogo mwishoni, baada ya kugonga mhuri. "Barua itafuata, lakini jibu ndilo hilo. Na hiyo mikono, mpitie nesi chumba cha pili kabla hamjaondoka."

Tulirudi kwa miguu, polepole, yeye na vidole vyake vya bandeji nyeupe amevishika mbele kama amebeba mayai.

"Ulinyamaza kwa nini?" nikamwuliza. "Uliona amekosea. Nusura nikuharibie kila kitu."

 "Nilidhani leo ni zamu yako," akasema. "Sijawahi kukusikia ukisema hayo, Kaka. Nikaona nikikatiza, hutarudia."

Dada alikuwa amesharudi. Alimkumbatia Dogo mlangoni, akalia, akaishika mikono yake, akaibusu, akamwuliza kama amechoka, kama amekula, kama walimsumbua. Mama jirani akaja kwa shangwe. Nikawapita nikaenda kukaa kwenye ngazi za jikoni, na mkoba wangu ulikuwa hapo hapo karibu na mlango, kwa sababu huwa siutoi vitu. Niliwasikia wakicheka ndani. Moyo wangu haukuwa umebadilika hata kidogo, nisidanganye mtu. Nilitamani mtu anibusu mikono, nayo ni mizima.

Dogo alitoka baadaye, akakaa ngazi ya chini yangu. Akakitazama kiatu changu kilichofungua mdomo, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nikaisogeza miguu nyuma.

"Kaka, unalala vizuri?" akaniuliza.

"Vizuri tu."

"Mwombaji anasema hana tatizo," akasema.

Hakucheka. Alikuwa ananisubiri, vidole vyake vyeupe vimetulia magotini, uso ameuinua kama yule binti wa ofisini. Ndani waliita chai ipo tayari, wakamwita yeye. Hakuinuka.

Basi nikamwambia asogee kidogo nipate pa kuweka miguu, nikaanza upya, kuanzia zile kuta.