Asubuhi Kamanda Alipomng'ata Chura

Mvua ya kwanza iliponyesha hapa Mbololo, jirani yangu Mwangangi aliniletea taa yake ya sola bila kuombwa. Alisema kuku wangu wamekonda kama wajane, na dawa yao ni kumbikumbi. Mjane hapo ni mimi, na sijakonda, lakini nilishukuru.

Alinionyesha wanavyofanya kwao Ukambani. Unatundika taa juu ya beseni la maji, kumbikumbi wanafuata mwanga, wanaanguka ndani, na asubuhi unawachota. Alifunga kamba mwenyewe kibarazani, akarudi nyuma kuitazama, akaifungua, akaifunga tena, kama mtu anayejenga kanisa. Hakuna kati yetu aliyewaza kwamba kumbikumbi wana wateja wengine.

Nilipofungua mlango asubuhi, nilikuta vyura wamelizunguka beseni. Si wale wadogo wa kwenye matope. Hawa walikuwa wale wakubwa wa nchi kavu, wenye vinundu mgongoni, wameketi na matumbo yamewajaa kama wageni wa harusi wanaongoja kusindikizwa.

Kamanda, mbwa wangu, hakupendezwa. Yeye ndiye anayefukuza nyani shambani. Bila yeye mahindi ni ya nyani, mimi ni wa kupalilia tu. Alimnusa mmoja, akanitazama, na kabla sijamkataza akamdaka kwa mdomo. Akamtema papo hapo. Chura alijiweka sawa, akaondoka taratibu bila kugeuka, kama mtu aliyetukanwa na mlevi.

Aliyebaki matatani ni Kamanda. Alitikisa kichwa, akasugua mdomo mchangani, kisha povu jeupe likaanza kumtoka na miguu ikawa inayumba.

Mke wa Mwangangi, Mwelu, alikuwa anapita na ndoo ya maji. Alipoona povu alitua ndoo, akaita watu akisema Kamanda ana kichaa. Nilimweleza habari ya chura. Alinijibu kwa upole kwamba chura hana hata meno, atamtoaje mbwa povu?

Mwangangi akaja na rungu. Sikumkasirikia. Mwaka jana mbwa mwenye kichaa alimng'ata mtoto wa ndugu yake, na nilijua hofu yake si ya bure.

"Mama Stephen, sogea," alisema. "Nitamaliza haraka, hatasikia kitu."

"Ameng'ata chura, Baba Mutindi. Nimeona kwa macho yangu."

"Macho gani? Si juzi ulisema miwani yako inakuonyesha mbuzi mmoja kama wawili?"

"Basi kama hapa kuna mbwa wawili, mpige yule wa pili."

Hakucheka, lakini rungu lilishuka kidogo. Nilimwomba anisubiri nipige simu tu, kisha afanye atakavyoona. Akakubali, akasimama kati ya Kamanda na watu.

Nilimpigia Ndeti, daktari wa mifugo kule Voi, nikaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Aliuliza kama Kamanda amemng'ata mtu, kama jana alikuwa mzima, na kama nilimwona huyo chura mdomoni mwake. Akasema anamkumbuka vizuri, yeye mwenyewe alimchanja chanjo ya kichaa mwaka huu, naye akamkojolea kiatu. Povu hilo ni la sumu iliyo kwenye ngozi ya chura, hasa nyuma ya macho. Mbwa mdogo anaweza kufa nayo, na hata kanu, yule mnyama wa porini anayefanana na paka, akimdaka chura huyo hujuta. Anakuja na pikipiki, ila tusimngoje. Tumwinamishe Kamanda kichwa, maji yapite mdomoni yatoke nje, asiyameze, na tumpanguse fizi kwa kitambaa kibichi. Atakayemshika afunike mikono.

Mwelu alikuwa amekwisha kukimbia nyumbani na kurudi na maziwa, maana kwetu aliyekula sumu hunyweshwa maziwa. Ndeti alipotusikia tukiyataja, alisema, "Hayo pikieni chai. Nitakunywa nikifika."

Ikabaki nani atamshika. Magoti yangu hayainami tena. Mwangangi aliliangalia rungu, akaliegemeza ukutani, akaniomba pakiti tupu za unga. Alizivaa mikononi kama glavu, akapiga magoti matopeni na suruali yake safi, akakiinamisha kichwa cha mbwa ambaye yeye mwenyewe alikuja kumuua. Mwelu akawa anamwaga maji aliyoyabeba toka kisimani, yote, bila kuyahurumia. Mimi nilipangusa fizi huku nimefunga kitambaa mkononi.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka jasho lilipomwingia Mwangangi machoni. Akajipangusa kwa pakiti ya unga, ile yenye povu. Alipepesa macho, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama Mutindi, nami ninawaka." Mwelu akamwinamisha kichwa mumewe vilevile, akamwosha macho kwa maji yaliyobaki, huku akimkumbusha asiyameze.

Ndeti alifika, akawapima wote wawili kwa macho, akauliza mgonjwa ni yupi. Alimchoma Kamanda sindano, akasikiliza moyo wake, akasema sasa tungoje. Macho ya Mwangangi yalikuwa mekundu tu. Vyura tusiwaue, alisema, wanatupunguzia mbu. Tuzime taa na tuanike beseni.

Mwangangi hakwenda kazini. Alikaa kibarazani karibu na Kamanda, akimfukuzia nzi kwa kofia. Nilimwambia aende akapumzike. Akasema yuko sawa hapo.

Jua lilipokuwa kali, Kamanda alisimama. Aliyumba, akajikung'uta, akamwendea Mwangangi, akamlamba shavu. Mwangangi aliniomba sabuni na maji, akanawa uso wote. Kisha akarudi, akaketi palepale, akamgeuzia shavu la pili.