Marekebisho ya Kifo cha Tlawi

Saa moja na dakika kumi asubuhi, mtu aliyetangazwa kufa jana yake jioni alikuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi la redio ya jamii pale Dongobesh, koti limefungwa vifungo vyote, viatu vimegandwa na tope. Mectilda, msimamizi wa vipindi, alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akamuuliza shida yake. Mzee akajibu kwa utulivu kwamba yeye ndiye Nicodemo Sulle wa Tlawi.

Mectilda alifumba macho kidogo. Kosa lilikuwa wazi kama jino la mbele lililong'oka. Xavery, mwandishi wa mchezo wa redio wa kila jioni, alitaka mhusika wake afe kifo chenye uzito. Akachukua muziki uleule unaotangulia matangazo ya vifo vya kweli, akampa Leticia, msomaji wa matangazo hayo, karatasi yenye jina, kijiji, mjane, watoto na siku ya maziko. Jina alilitoa kichwani, alijitetea. Kichwa chake hakikumwambia kwamba mwenye jina yupo, na anapumua. Watu wa milima ile hutilia shaka bei ya mahindi, ahadi za wagombea na hata utabiri wa mvua, lakini tangazo la kifo hawalijadili. Waliposikia muziki, hawakusubiri kujua kama ni mchezo. Walizima redio wakaenda kutafuta kuni za kupeleka msibani.

Kuni hizo, alieleza mzee, zilikuwa zimerundikana uani kwake tangu usiku. Aliwaambia waombolezaji kwamba hajafa. Walimsikiliza kwa heshima, wakampa pole, wakasema watasubiri redio itamke.

Mectilda alikuwa na kanuni moja, na aliitii kuliko alivyowatii wakubwa wake: kosa likithibitika, lisahihishwe kwenye nafasi ya kwanza inayopatikana. Alimwambia mzee kwamba marekebisho yangesomwa mara tu baada ya taarifa ya habari.

"Usiharakishe, mwanangu," mzee akasema. "Niache nife mpaka saa sita."

Alikuwa na mdogo wake, Festo. Baba yao alipofariki waligombana juu ya mpaka wa shamba, Festo akahamia Katesh, na tangu hapo hakukanyaga Tlawi, si kwa harusi wala kwa ugonjwa. Alfajiri hiyo alikuwa amempigia simu Fransiska, mke wa Nicodemo, akilia, akasema anapanda gari la kwanza, lile linalofika Dongobesh saa sita, akakata simu kabla Fransiska hajamwambia ukweli. Dereva wa gari hilo hafungulii redio nyingine ila hii. Festo akisikia njiani kwamba kaka yake mzima, angeshuka na kurudi alikotoka.

"Na wengine wanaosafiri bure je?" Mectilda akauliza.

"Hao wangekuja hata kwa ubatizo. Huyu anakuja kwa kifo tu."

Mectilda alikataa. Redio si uwanja wa kupatanisha ndugu, alisema. Kazi yake ni kusema lililopo. Mzee hakubishana. Aliomba chai, akapelekwa chumba cha ndani, akainywa.

Siku ikamgeuka Mectilda. Muuguzi alikuja kuzungumzia chanjo, na msikilizaji wa kwanza kupiga simu akauliza maziko ni saa ngapi. Bwana mifugo alikuwa katikati ya minyoo ya mbuzi alipopewa pole na mama mmoja wa Haydom, akaipokea kwa kuchanganyikiwa. Xavery alipita mara kwa mara akiuliza kama sehemu ya jioni, ile ya maziko, ingerushwa kama ilivyopangwa, mpaka Mectilda akamwambia angemzika yeye. Katika vurugu hiyo nafasi ya kwanza ilipita, kisha ya pili. Aliziona zikipita. Hilo ndilo lililomkera zaidi, kwamba aliziona.

Kabla ya saa tano, Leticia alikaa mbele ya maikrofoni, karatasi ya marekebisho mkononi. Mectilda akainua kiganja nyuma ya kioo, akamwagiza arudie kipindi cha minyoo.

"Kumbe na wewe unatunga mchezo," Leticia akamwambia alipotoka.

Mectilda akarudi mezani kwake. Alikuwa akitafuta kanuni ambayo ingemtetea, na hakuipata.

Gari la Katesh lilisimama nje saa sita ikikaribia. Mwanamume mwenye mvi chache alishuka, blanketi jipya kwapani, akaingia mapokezi bila kubisha. Hata salamu aliikata nusu.

"Tangazo lenu la jana lina kosa."

"Tunajua," Mectilda akasema.

"Hamjui. Mmemtaja mjane. Mmetaja watoto. Mdogo wake hamkumtaja. Andika: ameacha mdogo wake, Festo, wa Katesh."

Mectilda akaandika. Mlango wa chumba cha ndani ukafunguka, Nicodemo akatoka na kikombe chake.

Festo alimtazama kuanzia viatuni hadi kichwani, kama anayekagua ng'ombe aliyeuziwa kwa hila. Uso wake uliokuwa umelegea kwa kilio ukaanza kukakamaa.

"Kwa hiyo hukufa."

"Bado."

Nje, dereva akapiga honi. Festo akageuka kuelekea mlangoni, akasimama kizingitini. Honi ikapigwa tena, ndefu zaidi. Nicodemo hakumwita. Mectilda aliangalia karatasi, akashika kalamu, na sauti yake ikatoka kavu kuliko alivyokusudia.

"Jina lako nilisome au nilifute?"

Gari likaunguruma, likaondoka bila yeye.

"Lisome," Festo akasema.

Akaketi kwenye benchi. Nicodemo akaketi upande wa pili, blanketi likiwa katikati yao. Saa sita kamili muziki wa vifo ukapigwa, na Leticia akasoma kwamba Nicodemo Sulle wa Tlawi yu hai, na kwamba yuko pamoja na mdogo wake, Festo, wa Katesh.